Kulivua gari ndani kwa ajili ya mbio: utoe vya bolti tu, ung'oe kila kitu, au uliache lilivyo?

Chukua Altezza RS200 ya gia sita za mkono, ile yenye injini ya 3S-GE. Toyota waliitoa kiwandani ikiwa na nguvu za farasi 210 na uzito wa takriban kilo 1,340, yaani kila farasi anavuta karibu kilo 6.4. Ondoa kilo 100 bila kugusa injini, kila farasi anabaki na kilo 5.9. Kuupata uwiano huo bila kupunguza uzito ungehitaji farasi kama 227. Kuongeza farasi 17 kwenye injini isiyo na turbo ni kazi ya pesa nyingi: kemshafti, eksozi, kompyuta ya injini kupangwa upya. Kilo 100 zinaonekana za bure, zimekaa tu ndani ya gari zikingoja spana. Na uzito ukipungua, breki zinapoa mapema, tairi zinadumu, gari linakubali kona kwa mwendo zaidi. Hayo injini haiwezi kukupa hata ukiiongezea nini.

Hapo ndipo wengi hapa Dar wanapoanza kuchomoa siti. Naupenda mchezo huu kwa dhati, na ndiyo maana nataka uchague ukiwa na hesabu yote mkononi, kwa sababu kilo zinazotoka gereji sizo kilo ambazo gari litakuwa limepungua siku ya mashindano.

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni kutoa vile tu vinavyofunguka kwa bolti na kurudi siku hiyohiyo. Ya pili ni kung'oa kila kitu mpaka ubaki bati tupu, kisha unafunga keji, yale mabomba ya chuma yanayozunguka waliomo ndani. Ya tatu ni kuacha ndani kulivyo na kupeleka pesa kwenye tairi, rimu na breki. Nitazilinganisha, ingawa hazistahili nafasi sawa. Ya pili ndiyo yenye mambo mengi, na ndiyo inayoumiza ikifanywa nusunusu.

Kilo ziko wapi hasa

Usikadirie kwa macho. Kila kinachotoka kipime na ukiandike. Mizani ya wanunuzi wa chuma chakavu ipo kila mtaa, kuanzia Buguruni hadi Tegeta, na ukiomba kupimiwa siti na kapeti hawakunyimi. Mizani ya malori haikufai kwa kazi hii, hatua zake ni kubwa mno.

Kwa sedani nyingi za Kijapani tunazoendesha, takwimu hukaa hapa: siti moja ya mbele isiyo ya umeme kilo 15 hadi 20, ya umeme zaidi ya hapo, siti ya nyuma yote kilo 15 hadi 25, kapeti pamoja na sponji yake ya chini kilo 10 hadi 15, shiti za lami zilizobandikwa sakafuni kuzuia kelele kilo 8 hadi 15, mfumo mzima wa AC, yaani kompresa, kondensa, mabomba na kipoza hewa, kilo 15 hadi 25, tairi la akiba na jeki yake kilo 15 hadi 20. Paneli za milango, kitambaa cha dari na vijiplastiki vyote havifiki mbali, ila kwa pamoja vinakupa kama kilo 10.

Angalia gari lako nalo. Kilo 60 kutoka kwenye Starlet Glanza ya kilo 920 hivi ni zaidi ya asilimia 6, utaisikia mara tu utakapokanyaga mafuta. Kilo hizohizo kwenye Mark X ya kilo 1,500 na ushee ni asilimia 4 tu, na hiyo asilimia 4 inaweza kuliwa na rafiki mmoja aliyepanda mbele. Mwenye gari dogo anapata faida kubwa zaidi kwa kazi ileile.

Hesabu ya kung'oa kila kitu

Tuseme una Subaru Impreza na lengo lako ni rali za vumbi, zile za Bagamoyo, Morogoro, Tanga au Iringa. Unatoa siti mbili za mbele, kilo 38. Siti ya nyuma 20. Kapeti 12. Shiti za lami 10. AC 20. Redio na spika 5. Paneli na dari 10. Jumla kilo 115. Tairi la akiba halihesabiki, kwa sababu rali bila akiba ni kukubali kurudi umepanda gari la watu.

Sasa rudisha vinavyotakiwa. Keji kamili, kilo 40. Viti viwili vya mbio pamoja na vishikizo vyake vya chuma, 22. Mikanda ya dereva na msoma ramani, 5. Kizima moto na kishikizo chake, 4. Kinga ya chini ya injini, maana jiwe moja la barabara ya vumbi linatosha kupasua sampu (bakuli la oili la injini), 12. Jumla kilo 83.

Umebaki na kilo 32.

Kazi yote hiyo, mwezi mzima gari likiwa limesimamishwa juu ya mawe uani kwa fundi, na faida ni kilo 32. Na ukitumia mabomba mazito au viti vya chuma badala ya faiba, hata hizo zinayeyuka. Ndiyo sababu nasema kulivua gari la rali hakulifanyi jepesi kama watu wanavyodhani. Kunalipia uzito wa keji. Unatoa sponji na kitambaa ili upate ruhusa ya kubeba chuma kitakachokuokoa, na gari linabaki na kasi yake ya awali. Hiyo ni sababu nzuri kabisa ya kulivua, tena ninaiheshimu kuliko zote. Ila ni sababu tofauti na ile inayowapeleka watu gereji.

Kumbuka pia kwamba barabara zetu hazijawahi kuwapendelea walio wepesi tu. Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, alishinda rali ya East African Safari miaka miwili mfululizo, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404, gari la familia lililosifika kwa uimara. Mwaka 1965 Joginder Singh alishinda kwa Volvo PV544, nayo si gari la kusifiwa kwa wepesi. Kwenye vumbi gari linaloshinda ni lile linalofika.

Vya bolti tu

Hapa hesabu inageuka. Kwa mbio fupi za lami, au siku ya mazoezi kwenye uwanja uliofungwa, unatoa siti ya nyuma kilo 20, tairi la akiba na jeki 17, kapeti ya buti na vikorokoro vyake 4, spika kubwa na boksi lake 4. Hizo ni kilo 45. Nenda na mafuta pungufu kwa lita 20, unapunguza kilo nyingine 15, kwa sababu lita moja ya petroli ina uzito wa kama gramu 740. Umefika kilo 60 kwa asubuhi moja, bila grenda, bila kuchomelea, na jioni siti inarudi mahali pake watoto wapande kwenda shule kesho.

Ukilinganisha 60 na 32 utajiuliza kwa nini mtu ahangaike na njia ya pili. Jibu ni kwamba hizo 60 hazina keji ndani yake, na gari la njia ya kwanza halifai kwenda mahali ambapo linaweza kupinduka. Basi, hiyo ndiyo mipaka yake.

Kazi yenyewe ni rahisi lakini ina mahali pa kuwa makini. Siti ya nyuma ya Toyota nyingi, kalio lake linatoka kwa kuvutwa juu pembe za mbele, mgongo unashikwa kwa bolti chache. Siti za mbele zina bolti nne kila moja, nyingi ni spana 14. Kabla hujazigusa za mbele, chomoa waya hasi wa betri na usubiri angalau sekunde 90. Ndivyo Toyota wanavyoelekeza kwenye vitabu vyao vya ufundi. Chini ya siti utakuta soketi ya njano. Rangi ya njano kwenye nyaya hizo ni ya mfumo wa mifuko ya hewa na mikanda inayojivuta yenyewe ajali ikitokea, na mkanda huo ndani yake una baruti kidogo. Asije fundi akaupima kwa taa ya testa. Wala usiuuze kwa kilo pamoja na chuma chakavu, ukaenda kulipuka mkononi mwa mtu asiyejua.

Kitu kimoja kinachosahaulika: siti ya nyuma ikitoka, kati ya buti na mahali pa kukaa mara nyingi hakuna ukuta. Kila ulichoacha buti kitakuja shingoni mwako kwenye breki ya kwanza kali. Safisha buti mpaka spana ya mwisho.

Bati tupu kwenye joto la Dar

Wenzetu wa nchi za baridi hawaongelei sana hili, nasi hatuwezi kulikwepa. Kapeti na shiti za lami si pambo. Chini ya sakafu panapita eksozi, na mchana wa Januari bati lile linachoma hadi kwenye soli ya kiatu. Umevaa ovaroli ya kuzuia moto, helmeti, glavu, AC umeitoa. Dereva aliyepungukiwa maji anachelewa kukanyaga breki, na hakuna kilo 20 za AC zitakazokurudishia mita ulizopoteza hapo. Kwa mbio za dakika mbili toa AC bila wasiwasi. Kwa rali ya siku nzima, ukiitoa, weka tundu la hewa juu ya paa na chupa ya maji yenye mrija, na gesi itolewe kwa mashine yake badala ya kufunguliwa hewani.

Feni na hita usiguse. Najua hita inachekesha ukiwa Kinondoni, lakini panda Iringa alfajiri yenye mvua, watu wawili wakihema ndani, kioo cha mbele kitaziba ukungu kwa muda mfupi sana. Hita ndiyo inayokifungua.

Kelele nayo ni gharama. Kokoto zikipiga bati tupu, msoma ramani anaweza kupiga kelele mpaka sauti ikauke na usisikie kama kona ni ya kushoto au kulia. Gari lililong'olewa linahitaji intakomu ndani ya helmeti. Vumbi linapita kwenye yale matundu ya sakafu yenye vifuniko vya raba. Kikipotea kimoja tu, utakula udongo mwekundu siku nzima. Kisha kuna chumvi ya bahari. Shiti za lami ukizikwangua, bati linabaki wazi, na kwa hewa ya Kigamboni au Msasani kutu haingoji. Siku hiyohiyo paka rangi ya msingi, kisha rangi ya juu.

Kuhusu kukwangua zenyewe, Ulaya na Marekani hutumia barafu kavu (gesi ya kaboni dioksidi iliyogandishwa): wanaimwaga juu ya lami, lami inakakamaa, wanaipiga nyundo inapasuka kama kigae. Kwetu njia inayopatikana kwa urahisi ni mashine ya kupuliza hewa ya moto na kisu kipana cha kupakia pati. Pasha kipande kidogo, kikilainika ingiza kisu kwa ulalo, kivute kingali na joto, kisha futa mabaki kwa petroli kidogo kwenye kitambaa, milango yote ikiwa wazi na mashine ya joto ikiwa imezimwa na kuwekwa mbali nje. Ni kazi ya jasho kwa kilo 10. Mimi ningeiacha iwe ya mwisho kabisa, na kwa gari linalotembea barabarani nisingeifanya kamwe.

Nusunusu ndiyo inayoua

Hapa naomba usome taratibu.

Kuna gari unalikuta sana usiku barabara ya Bagamoyo: siti ya nyuma hakuna, mbele kuna viti vya mbio na mikanda ya pointi nne, keji hakuna. Linapendeza kwenye picha. Lakini mkanda wa kawaida wa pointi tatu unamruhusu mtu kulala pembeni paa likibonyea. Mikanda ya mbio inamshikilia wima, na paa la sedani bila keji linamshukia kichwani. Ukifunga mikanda ya mbio, keji iwepo.

Kinyume chake nacho ni kibaya. Gari lina keji, linaendeshwa kila siku Mandela Road bila helmeti. Bomba la chuma liko sentimita chache kutoka kwenye fuvu la dereva, na bodaboda akikuingilia kwa ghafla, kugonga kidogo tu kunatosha. Sponji inayofungwa kwenye mabomba imetengenezwa kwa ajili ya helmeti, haimlindi mtu asiye na kitu kichwani. Keji, viti, mikanda, helmeti na kifaa cha HANS kinachoshika shingo ni mzigo mmoja. Chukua wote au uache wote.

Na vitu hivyo vina viwango. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa linalosimamia mbio za magari, kwa keji za chuma zinataka bomba la upinde mkuu liwe lisilo na mshono, la milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0, sehemu nyingine 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2.0. Bomba la maji la duka la vifaa vya ujenzi si hilo, hata fundi wako awe na mkono mzuri kiasi gani. Kiti cha kiwango cha 8855-1999 kina lebo na mwaka wa kutengenezwa, na uhai wake ni miaka mitano kuanzia hapo. Kiti cha faiba kisicho na lebo, kinachouzwa rahisi kwa sababu kina mshono mwekundu, kiache dukani. Faiba mbaya hukatika usawa wa kiuno. Mikanda ifungwe kwenye tundu za kiwandani au kwenye bamba lililochomelewa na keji. Isifungwe kwenye bati jembamba la sakafu kwa washa tu. Kabla ya kukata chochote, waulize AAT, chama cha magari Tanzania, kanuni za daraja unalotaka kuingia, kwa sababu madaraja mengine hayaruhusu baadhi ya vitu vitolewe, na vyuma vya ndani ya milango vinavyozuia kugongwa ubavuni usivitoe bila kanuni za daraja lako kuruhusu.

Upande wa karatasi ni mfupi. Kadi ya gari inataja idadi ya viti. Gari la viti vitano likiwa na viwili, kwa trafiki ni maswali na kwa bima ni sababu ya kukataa madai. Gari la njia ya pili lisafiri juu ya lori kwenda mashindanoni, na mabadiliko yake uyapeleke TRA. Gari la njia ya kwanza rudisha siti yako jioni na huna la kueleza.

Breki na springi baada ya kutoa uzito

Vingi vinavyotoka viko nyuma. Gari lenye injini mbele, ambalo tayari ni zito mbele, linazidi kuwa hivyo. Ukikanyaga breki kwa nguvu, tairi za nyuma hazina uzito wa kuzibana barabarani, zinafunga mapema na mkia unatoka. Nyuma pia inanyanyuka kwa sababu springi zilipangwa kwa abiria na mizigo, na alaimenti inahama. Kwa kilo 60 utaizoea. Kwa gari lililong'olewa kabisa, weka kwenye bajeti springi nyingine na alaimenti mpya, na betri ihamishiwe buti ndani ya boksi lililofungwa imara ili nyuma ipate uzito kidogo.

Kuliacha lilivyo

Njia hii haina mvuto wa picha, lakini kwa anayeanza ndiyo yenye sekunde nyingi zaidi. Seti ya tairi mpya za mshiko mzuri, pedi za breki zinazostahimili joto, maji ya breki mapya, na rimu nyepesi kwa kilo 2 au 3 kila moja. Kilo inayotoka kwenye gurudumu inafanya kazi kuliko inayotoka kwenye siti, kwa sababu gurudumu linazunguka na shokapu ndiyo inayolituliza likirukaruka. AC inabaki, bima inabaki, gari linauzika. Hili la kuuzika si dogo: Altezza yenye ndani kamili inapata mnunuzi mapema, na ukishatawanya siti na paneli zako kwa wauza vipuri wa mtaa wa Gerezani, kukusanya seti nyingine ya rangi moja ni kutembea maduka mpaka miguu iume.

Ningechagua nini

Gari ni lako la kila siku na unataka mazoezi mara mojamoja: liache lilivyo kwanza, ununue tairi na pedi. Mwezi unaofuata ongeza njia ya kwanza, siti ya nyuma na tairi la akiba vitoke asubuhi ya tukio.

Una gari dogo kama Starlet au Vitz, na la pili la kwenda nalo kazini: njia ya kwanza ndiyo yako mpaka siku utakapokuwa na pesa ya keji taslimu, yote kwa pamoja. Usianze kung'oa ukitegemea keji itakuja mwakani, maana gari litakaa bila ndani na bila keji, na utalijaribu tu barabarani.

Unataka rali: nenda njia ya pili, na anza na keji, siyo na kapeti. Lipia mabomba sahihi, tafuta mchomeleaji aliyewahi kufunga keji iliyopita ukaguzi, ndipo ung'oe ili kumpisha. Kama unaagiza gari Japani hasa kwa ajili hiyo, tafuta Lancer Evolution ya daraja la RS. Mitsubishi waliiuza bila starehe nyingi tangu kiwandani, ikiwa msingi wa gari la mashindano, hivyo sehemu ya kazi hii utakuta wamekwisha kuifanya.

Utakavyotoa, vihifadhi. Fungia kila aina ya bolti kwenye mfuko wake, andika zilikotoka, piga picha ya nyaya kabla ya kuchomoa soketi. Siti zisilale chini kwenye saruji. Masika ya hapa yatazipandisha ukungu kabla mvua hazijakatika. Ziweke juu ya mbao, zifunike kwa shuka linalopitisha hewa, si kwa nailoni, na tega dawa ya panya.